Hatua Kumi na Tisa Chini ya Daraja la Inoke

12 Novemba
Mvua imeanza. Roshni wa chuo kikuu amenipa madaftari mawili na fulana ya njano ya kung'aa. Daftari moja la kuhesabu. Jingine niandike ninachoona, kila siku, hata mstari mmoja. Nimemwambia shule niliishia darasa la sita. Akasema, "Mzee Maciu, sitaki insha. Nataka macho yako."
La kuhesabu nitampa. Hili ni langu.

13 Novemba
Kazi yenyewe ni hii. Saa kumi jioni mpaka saa moja nakaa kando ya barabara kuu ya Nausori, mbele ya uchochoro wetu wa Vunidilo. Basi la kutoka Suva linashusha watu ng'ambo. Nahesabu wanavyovuka kuja huku. Wa darajani, alama kulia. Wa chini, katikati ya magari, alama kushoto. Asubuhi naenda kuchimba mitaro kama kawaida.
Sikuichukua kwa ajili ya chuo kikuu. Nimeichukua kwa ajili ya Inoke Ravula.
Zamani palikuwa na mistari myeupe hapa. Basi likisimama unavuka, uko kwako. Inoke ana kampuni ya kuchora ramani za barabara. Alifuta mistari, akaweka daraja la chuma, hatua mia tatu kule mbele. Unatembea mia tatu, unapanda ngazi arobaini na mbili, unashuka arobaini na mbili, unarudi mia tatu. Na muda wote huo uchochoro unauona hapo, ng'ambo tu.
Losena mke wangu alikuwa na magimbi ya dalo kwenye kikapu na mvua kichwani. Tarehe tisa Agosti. Alivuka chini. Lori.
Barabara ina upana wa hatua kumi na tisa. Nimeipima Jumapili watu wakiwa kanisani. Alifika ya kumi na moja.

14 Novemba
Inoke hakuja msibani. Alituma shada la maua na dereva. Mtu aliyekosea huja mwenyewe, na jino la nyangumi mkononi, anapiga magoti mlangoni. Hata wezi wanajua hivyo. Yeye kaleta maua ya dukani.

16 Novemba
Usiku wa mia tangu kifo. Ndugu wa Losena wamekuja kuondoa msiba. Mikeka, nguruwe, yaqona, kinywaji chetu cha mzizi, kwenye bakuli kubwa. Tangu Agosti sijanyoa na sijanywa. Leo ndiyo siku ya kuachia.
Shemeji Vasemaca, mdogo wake Losena, akaja na wembe. "Kaa hapa, shemeji. Unafanana na mbuzi wa kanisa."
Nikasema sinyoi.
"Siku mia zimeisha."
"Zako. Zangu zitaisha Inoke atakapopiga magoti."
Kifuu cha yaqona kilipofika kwangu nikakipitisha.

19 Novemba
Mvua. Wa darajani 61. Wa chini 5.

20 Novemba
Darajani 70. Chini 3. Sielewi.

28 Novemba
Naandika mengi leo maana nina hasira.
Roshni ameniambia hesabu zinaenda wapi. Kuna mambo mawili mezani. Inoke anataka kujenga ua wa chuma kuziba mbele ya uchochoro, watu walazimike kupanda daraja. Roshni anataka mistari irudi, na tuta la kupunguzia mwendo. Ofisi ya barabara itaamua Machi kwa kuangalia watu wanatumia nini.
Nimemwonyesha daftari. Wiki mbili, darajani zaidi ya mia saba, chini thelathini na kitu. Akashika kichwa.
"Mzee, hizi zinampa ushindi."
Nikamwambia najua kuhesabu.
Akaniuliza, unakaa wapi. Nikamwambia kwenye kiti, mbele ya uchochoro, nimevaa fulana yako.
Akatazama fulana.

30 Novemba
Nimevua fulana. Nimekaa ndani ya duka la mzee Bisun, nyuma ya kabati la mikate. Kioo chake kinaona barabara yote. Bisun kanipa chai na roti, kaniuliza kama nimejificha kwa sababu ya deni. Nikamwambia ningekuwa na deni ningejificha kwako?
Darajani 2. Chini 88.
Wawili wa darajani walikuwa wachumba.

1 Desemba
Nimemfuata shemeji Vasemaca kwenye meza yake ya mboga. Jana nilimwona kwa macho yangu akivuka chini na vikapu viwili, na wiki mbili zote alikuwa akinipungia mkono kutoka juu ya daraja.
"Kwa nini ulikuwa unapanda?"
Akaendelea kufunga mchicha. "Wewe unauliza?"
"Nauliza."
"Umekaa pale pale. Na ndevu hizo. Na fulana kama boya. Nani avuke mbele ya macho yako mahali alipoanguka dada yangu? Tulikubaliana mtaa mzima. Mzee akiwepo, tunapanda. Magoti yangu yameisha kwa ajili yako, shemeji."
Yaani walikuwa wananiheshimu. Kwa heshima yao nimemjengea Inoke ua wake wiki mbili.

2 Desemba
Roshni amechana kurasa za mwanzo za daftari la kuhesabu. Anasema hizo si hesabu za barabara, ni hesabu za huruma. Anasema ukimuuliza mtu atakujibu anachodhani unataka. Akijua unamtazama anafanya unachotaka. Kaa pembeni, tazama miguu.
Nikamwambia mimi huwa natazama miguu. Nachimba mitaro. Sioni kitu kingine.
Akacheka. Ni binti mzuri. Simwambii ninachokitaka mimi.

9 Desemba
Chini 91. Darajani 0.

17 Desemba
Mvua ya matone kama mawe. Mtaro niliochimba Jumatatu umejaa. Nikauchimba tena.

25 Desemba
Kanisani. Vasemaca ameleta samaki wa nazi. Nimekula nimesimama.

3 Januari
Dhoruba imepita kaskazini. Mabati matatu yamekwenda. Yamepatikana mawili.
Chini 40. Darajani 0. Upepo ule, ungepanda nini.

11 Januari
Leo nimekwenda kwa Inoke.
Anakaa Tamavua, kule juu kwenye upepo. Nilipanda basi na jiwe mfukoni. Jiwe la mtaroni, linajaa kiganja. Sikupanga sana. Gari lake au dirisha lake, nilikuwa nitaamua nikifika.
Nikasimama chini ya mshelisheli ng'ambo ya nyumba yake. Mvua. Ana nyumba nzuri, ana bustani. Kutoka mlangoni mpaka kwenye gari amejenga njia ya mawe, inazunguka kistaarabu pembeni ya maua. Mawe yamepangwa na mtu anayejua kazi.
Akatoka. Kanenepa. Mwavuli, mkoba, mkate mdomoni. Nikatoa mkono mfukoni na jiwe.
Hakupita kwenye njia ya mawe. Alikata katikati ya majani, akaruka maua, akafika kwenye gari.
Nikatazama majani. Pamekufa. Kuna mstari wa udongo mtupu kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, umenyooka kama kamba. Anapita hapo kila siku. Amejijengea njia na hajawahi kuipita.
Gari likaondoka. Nilibaki na jiwe langu.
Jiwe ni dogo. Ukivunja kioo ananunua kingine. Nikalirudisha mfukoni, nikarudi na basi, na njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu mpaka mama mmoja akahamia kiti cha mbele.
Sasa najua mtu huyu anatembeaje.

12 Januari
Homa. Sikuchimba.

20 Januari
Chini 97. Darajani 1. Huyo mmoja ni mchungaji, alikuwa anapiga picha mafuriko.

6 Februari
Mkutano ukumbi wa kanisa. Maofisa watatu wa barabara, Roshni na makaratasi yake, Inoke na shati jeupe, na mtaa wote. Mara yangu ya kwanza kuwa naye chumba kimoja tangu msiba. Hakunitazama.
Roshni akasoma hesabu zetu. Watu wakachekacheka kwa aibu, kama waliokutwa jikoni.
Inoke akasimama. Hana sauti mbaya. Akasema yeye hakujenga kwa kubahatisha. Aliwauliza watu wenyewe, nyumba kwa nyumba, na anazo fomu. Nyumba mia na sita walisema watatumia daraja. Mia na sita kati ya mia na nane.
Halafu akafungua faili.
"Sitaki kumuumiza mtu," akasema. "Lakini anayehesabu ni mzee Maciu. Na fomu yake ninayo. 'Daraja likijengwa, familia yako itapita darajani?' Ndiyo. Na sahihi hii hapa. Ya mkewe iko chini yake."
Mimi nilisahau kabisa ile fomu. Naapa nilikuwa nimeisahau. Nikaona mwandiko wa Losena, ile L yake yenye mkia.
Wakati ule ndipo nikakumbuka jioni yenyewe. Inoke alikuja na fungu la yaqona, akalikabidhi vizuri, kwa maneno ya wazee. Akaketi mkekani kwangu. Losena alimpikia samaki. Alituonyesha picha ya daraja, nzuri, ina maua pembeni. Alipoondoka Losena aliniambia, "Nani atapanda ule mlima na vikapu?" Tukacheka sana. Tulikuwa tumeshasaini.
Nikasimama.
"Inoke. Uliingia kwangu na yaqona."
"Ndiyo, mzee."
"Ulikaa mkekani kwangu. Ulikula samaki wa mke wangu."
"Ndiyo."
"Halafu ukauliza. Mgeni ameketi, amekula, kaleta yaqona, anauliza unakipenda kitu chake. Wewe umezaliwa wapi, Inoke?"
Akaanza kupanga fomu zake.
"Angekuwa mzungu ameuliza ningemsamehe. Hajui. Wewe ni wa hapa hapa Rewa. Mama yako alikufundisha kama alivyonifundisha mama yangu. Ulijua hakuna nyumba hapa itakayokwambia hapana. Ulijua, ukaandika ndiyo."
Vasemaca akasema kwa nyuma, sauti ya kusikika, "Mimi niliandika ndiyo mbili."
Watu wakacheka. Inoke akafunga faili.
Nilitaka nifurahi. Nilikaa naiona ile L kichwani mpaka wakazima taa.

7 Februari
Tulisaini wote wawili. Mimi kwanza.

8 Februari
Sijaenda kuhesabu.

10 Februari
Ofisi ya barabara imeandika barua. Hesabu ya mtu mwenye kinyongo hawaitegemei. Watahesabu wenyewe, siku moja, tarehe kumi na nne Machi, saa tisa mpaka saa moja. Maofisa sita wenye fulana. Hesabu hiyo ndiyo ya mwisho.
Roshni kasoma barua mara mbili. "Watakaa wazi, mzee. Mtaa utawaona."
"Mtaa utawapikia," nikasema.

22 Februari
Ndivyo ilivyo. Mchungaji ametangaza. Wageni wa serikali wanakuja, kila nyumba itoe sahani. Wanawake wameanza kugawana nani muhogo nani kuku.
Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimewaomba. Siku hiyo mvuke chini kama siku zote. Msipande.
Wote wamesema ndiyo, mzee.
Hapo ndipo nilipojua watapanda.

27 Februari
Mvua tu. Siku kumi bila jua. Mtoto wa jirani alikaribia kugongwa na teksi pale pale. Viatu vyake nimevitoa mtaroni mimi.

3 Machi
Mchungaji amekuja na ujumbe. Inoke anaomba aje na jino la nyangumi. Mjomba wake atamsemea. Anauliza siku gani na mahali gani.
Miezi saba nilikuwa nasubiri hayo maneno. Nilidhani yakija nitalia au nitapiga mtu. Nilichoona kichwani ni yale majani yaliyokufa.
"Mwambie aje tarehe kumi na nne. Saa kumi."
Mchungaji akashtuka. "Siku ya hesabu?"
"Siku ya hesabu. Na aje kwa basi kama tunavyokuja sisi. Wazee nitawaketisha mdomoni mwa uchochoro, kwenye mikeka, nje."
"Na mvua ikinyesha?"
"Wazee watalowa."
Akanitazama. "Maciu, hii si kutafuta amani."
"Nimesema nampokea. Si nimesema?"

13 Machi
Vasemaca kanisaidia kubeba mikeka. Kanambia, "Una sura mbaya, shemeji."
"Ndevu."
"Si ndevu."

14 Machi
Mvua tangu adhuhuri.
Maofisa sita wamefika mapema, watatu kila upande, fulana na miavuli. Wakapewa chai, kuku, muhogo, pudini. Basi la saa tisa na nusu lilishusha watu kumi na wawili. Wakawaona wageni, wakageuka wote, wakaenda darajani, hatua mia tatu kwenye mvua, wakitabasamu. Vasemaca alikuwa mmoja wao. Alipopita mbele yangu kwa kurudi hakuinua uso. Maofisa wakaandika alama kumi na mbili.
Saa kumi mimi na wazee watano tumeketi mikekani mdomoni mwa uchochoro. Maji yanapita chini ya mikeka. Mkubwa wao ana miaka themanini na nne, anakohoa. Nilimwona anakohoa na sikumfunika. Niliandika kwamba ni langu daftari hili, basi naandika na hilo.
Basi likaja. Akashuka Inoke, amevaa sulu nyeusi ya kufunga kiunoni, amebeba jino limefungwa kwa mkeka mdogo. Nyuma yake mjomba wake, mzee, fimbo. Basi likaondoka, na sisi tukaonana. Hatua kumi na tisa.
Akatuona. Akawaona maofisa na kalamu zao. Akalitazama daraja lake kule mbele, dogo kwenye mvua. Halafu mjomba wake na ile fimbo. Halafu mzee wetu anayekohoa.
Akajua. Niliona alipojua. Uso ule nilikuwa nimeungoja tangu Agosti, na niliutazama mpaka nikashiba.
Akipanda daraja, wazee wanalowa robo saa nzima kwa ajili yake, na mjomba wake anapanda ngazi arobaini na mbili, na jino linapigwa mvua. Hakuna mtu wa kwetu anayefanya hivyo akija kuomba msamaha. Akivuka chini, anavuka mbele ya maofisa sita.
Alisimama. Magari yalipita. Nadhani alisimama kwa muda wa kuvuta sigara nusu.
Mjomba wake akamwambia kitu. Kwa sauti ya kizee, tukasikia wote ng'ambo huku. "Unangoja nini, mwanangu? Si wale pale."
Inoke akamshika mjomba mkono. Akainua mkono wa pili, wenye jino, kusimamisha magari. Basi la Nausori likafunga breki. Lori nyuma yake likafunga breki. Wakavuka taratibu sana, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Pale kwenye hatua ya kumi na moja mjomba alipumzika. Inoke hakujua anasimama wapi. Mimi nilijua.
Ofisa mmoja akaandika. Alama mbili, kushoto.
Akapiga magoti kwenye maji. Mjomba akasema maneno yote, vizuri, hakuruka kitu. Halafu Inoke akaongeza yake, chini chini.
"Siku ile mkekani kwako nilijua, mzee Maciu. Nilijua ni ndiyo ya heshima. Nilikuwa na tarehe ya kumaliza. Nikaandika."
Nikamwacha hapo magotini. Nilihesabu magari yaliyopita. Tisa. Mzee wetu akakohoa tena, akanigusa goti kwa kidole.
Nikalipokea jino. Nikalinusa kama inavyotakiwa. Wazee wakapiga makofi ya kukubali.
Desturi imekwisha. Mimi bado.
Halafu kikatokea ambacho sikukipanga. Basi la saa kumi na nusu likashusha watu ishirini. Wakamwona mgeni mkubwa kaketi na wazee huku, kafika kwa kuvuka chini. Wakaangaliana. Mgeni kapita hapo, nani apite juu ya kichwa chake? Wakavuka chini. Wote. Na basi lililofuata. Na lililofuata. Walimpa mkono Inoke mmoja mmoja, na mpaka saa moja alikuwa bado kaketi mkekani kwangu, kalowa, anaamkiwa na kila alama ya kushoto.
Kulia 12. Kushoto 119. Roshni ndiye aliyenionyesha. Alikuwa dukani kwa Bisun, nyuma ya kabati la mikate.

15 Machi
Vasemaca kaleta wembe. Nikakaa. Akanyoa bila kusema utani wowote, na hiyo si kawaida yake. Alipomaliza akasema, "Umezeeka."
Kifuu cha yaqona kimefika kwangu jioni. Nimekunywa.
Mzee anayekohoa amelazwa. Nimempelekea supu. Hakuniuliza kwa nini tulikaa nje.

29 Machi
Barua. Ua haujengwi. Mistari inarudi.

2 Aprili
Mzee ametoka hospitali. Nimemchimbia mtaro kuzunguka nyumba yake, bure, siku mbili.

16 Aprili
Jua. Wamechora mistari jana, wameweka na tuta. Rangi bado inanuka.
Leo nimekwenda mjini, nimerudi na basi la saa kumi. Ukiacha Jumapili ile ya kupima, tangu Agosti sijavuka pale. Nilikuwa napita kwa mbali, ndani ya kalavati la mto, chini ya barabara.
Nimeshuka na dalo kwenye kikapu cha Losena. Nimehesabu. Kwenye ya kumi na moja nikasimama, sikuwa nimepanga. Basi lilikuwa limefika kwenye mistari, linangoja. Dereva hakupiga honi.
Nane zilizobaki nimezitembea.